Zahoro wa Stoo na Uchuro wa Kila Asubuhi

Ungepita Mzenga miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ukamuuliza mtu yeyote nyumba ya Zahoro Mwishehe iko wapi, asingekunyooshea kidole. Angekuambia, "Nyamaza kwanza, usikilize." Ukinyamaza utasikia mtu anagombana. Fuata sauti hiyo, umefika.

Zahoro hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wakisikia nusu ya habari hukimbia nayo. Alikuwa na hasira za karibu tu, na sauti ya kuzitosha. Aligombana na mlango wake uliovimba kwa mvua, akautukana mpaka majirani wakatoka kuja kuamua. Siku moja jogoo wa Bi Kidawa, jirani yake, aliwika yeye akiwa katikati ya hadithi. Zahoro akaenda moja kwa moja kwa Bi Kidawa kudai aombwe radhi, na si na Bi Kidawa, bali na jogoo mwenyewe. Walimtuliza kwa uji.

Kwa sababu ya hasira hizo kijiji kilimpa kazi ya kutunza stoo. Hakuna mwizi anayetaka kukamatwa na mtu wa namna ile. Stoo yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa bati. Ndani mlikuwa na majembe, mapanga, mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, mafuta ya taa yakipatikana, na sukari ambayo ikifika hupokelewa kwa vigelegele. Zahoro alikaa barazani pa stoo tangu asubuhi, ufunguo shingoni, akigombana na kila aliyekuja kuomba na kila aliyepita bila kuomba. Watu wakamwita Bwana Stoo.

Mkewe, Sikudhani, mtoto wa Vihingo, alikuwa ameshamzoea. Binti yao, Mwanaamina, aliolewa huko Magindu, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, mmoja wa kupiga kelele na mmoja wa kujifanya hasikii. "Hasira za mume wangu ni mvua ya juu ya bati," Sikudhani alikuwa akiwaambia wenzake kisimani. "Zikianza, nasogeza vyungu. Zikikoma, navirudisha." Na kwa kweli zikikoma, Zahoro alikuwa mtu wa raha. Alimpenda mkewe waziwazi, na alimsifia pilau yake mbele za watu mpaka watu wakaona haya kwa niaba yake.

Kwa hiyo shida ya Sikudhani haikuwa hasira za mumewe. Shida ilianza mumewe alipoziacha.

Serikali ilikuwa imesema kila mtu mzima ajue kusoma. Kisomo cha Mzenga kilifanyika alasiri katika banda la ofisi ya kijiji, na mwalimu wake alikuwa Anselmi, kijana wa upande wa Uluguru. Anselmi alisomea upadri mpaka karibu na mwisho, kisha akaacha. Watu wa Mzenga, Waislamu watupu, walimpenda sana kwa hilo. Walidhani amebakiza kidogo tu asilimu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na baiskeli isiyo na breki.

Siku moja chaki zikaisha katikati ya somo. Nusu ya darasa walikuwa wanasinzia, Zahoro akiwa mbele yao kwa kukoroma. Anselmi akaona bora awape hadithi. Akawaambia kwamba zamani sana, huko Ugiriki, kulikuwa na watu wenye hekima ambao hawakubabaishwa na jambo lolote, liwe la furaha au la huzuni.

"Walikuwa wakiitwa watu wa Stoa," akasema.

Zahoro akafumbua jicho moja. "Watu wa nini?"

"Wa Stoa, Mzee Zahoro."

Zahoro akafumbua na la pili. Akageuka kushoto na kulia aone kama wenzake wamesikia. "Alhamdulillahi," akasema. "Miaka yote hii nalinda stoo, na hakuna aliyeniambia kuwa tuna elimu yetu."

"Hapana, mzee. Stoa kwa Kigiriki ni baraza. Baraza yenye nguzo. Walikuwa wakikaa barazani wakifundishana."

"Na mimi nakaa wapi? Si barazani pa stoo?"

Huko seminari hawakumwandaa Anselmi kwa swali hilo.

Akaona aendelee tu. Akasema watu hao waligawa mambo ya dunia mafungu mawili. Yapo yaliyo mikononi mwetu, kama mawazo yetu, maneno yetu na matendo yetu. Na yapo yasiyo mikononi mwetu, kama mvua, bei ya korosho, midomo ya watu na kifo. Mtu anayejisumbua kwa haya ya pili anatwanga maji kinuni. Kwa hiyo kila asubuhi mtu wa Stoa alikaa kimya, akafikiri moyoni juu ya mabaya yanayoweza kumpata siku hiyo, ili yakija yasimkute kama mgeni.

Alisema "kimya", na alisema "moyoni". Darasa zima ni mashahidi. Lakini Zahoro tangu azaliwe hakuwahi kufikiri jambo moyoni. Kwake kufikiri na kusema ilikuwa kazi moja, na ilifanywa kwa sauti.

Siku ya pili tu alishajitungia msemo wake. Mtu akija barazani kuuliza kama sukari ipo, hakutukanwa tena. Zahoro alimtazama kwa upole, akamwambia, "Kilichomo kimo, kisichomo hakimo." Ukiuliza italetwa lini, alikuonyesha ufunguo shingoni. "Mikononi mwangu mna ufunguo, hamna lori." Watu waliondoka bila sukari, kama siku zote, lakini waliondoka wanacheka, na hilo halikuwahi kutokea pale.

Kisha mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji akala kanzu ya Zahoro, ile ya Idi, iliyokuwa imeanikwa. Habari zikaenea, watu wakaacha majembe wakaja kutazama ugomvi. Mwenyekiti mwenyewe alifika amejiandaa kabisa, amevaa na viatu. Zahoro alikuwa amesimama anamwangalia mbuzi anamalizia mkono wa kulia.

"Kanzu haikuwa mikononi mwangu," akasema. "Ilikuwa kwenye kamba."

Akaingia ndani. Mwenyekiti alirudi kwake mnyonge, akashinda siku nzima akiuliza watu kama amedharauliwa.

Sikudhani mwanzoni alifurahi mno. Alimpelekea Anselmi muhogo, akampelekea na kuku. Nyumba ilikuwa kimya, hata mlango ukaombwa radhi. Nani asingefurahi? Mimi pia ningefurahi, mpaka asubuhi moja Sikudhani alipokuwa anakoroga uji, akamsikia mumewe barazani, ametoka kusali alfajiri, amekaa juu ya mkeka anatazama mbele.

"Leo paa litaanguka," Zahoro alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayeita wauza samaki. "Sawa. Leo mikorosho itaingia ukungu. Sawa. Leo kideri kitaua kuku wote. Sawa."

Mwiko ukamtoka Sikudhani mkononi. "Baba Mwanaamina! Uchuro gani huo asubuhi asubuhi?"

"Si uchuro. Ni elimu ya stoo."

Hapa msomaji anielewe vizuri. Kwetu mtu hatamki baya kwa kinywa chake mwenyewe, hata kwa mzaha. Mtoto akisema "bibi akifa", anachapwa kofi la mdomo na kuambiwa ateme mate chini. Baya halina miguu, lakini lina masikio. Ukiliita, litakuja kuuliza kuna nini. Sasa huyu mtu mzima, mwenye ndevu, anakaa mlangoni kwake kila alfajiri na kuyaita mabaya yote kwa majina, halafu anayaambia sawa. Sikudhani akatema mate chini kwa niaba ya nyumba nzima, akaendelea na uji, lakini uji ule haukumpanda.

Na kideri kikaja. Huja kila mwaka kiangazi, hata kuku wanajua. Ila mwaka huo kilikuja baada ya Zahoro kukitaja, na kilianza kwa jogoo wa Bi Kidawa. Ikawa basi. Mzenga nzima ikasema Bwana Stoo ana kinywa.

Kuanzia hapo watu walimwamkia kwa adabu za ajabu. Bi Kidawa alimletea mayai, yale machache yaliyosalia. "Usinitaje, baba, nakuomba. Mimi sina baya na wewe, yule jogoo Mungu amrehemu." Mwanamke mwingine alimfuata kwa siri, akamwomba asimtaje yeye, amtaje mke mwenzake. Mwenyekiti naye, ambaye bado alikuwa anafikiria ile kanzu, alikuja akamwuliza kama elimu hiyo inafika kwenye mpira, maana kijiji kilikuwa na mechi na Vihingo siku ya Ijumaa.

Zahoro alikataa katakata. Akaeleza kwamba elimu yake si ya kudhuru mtu, ni ya kujiandaa, na kwamba ushindi hauko mikononi mwa mtu yeyote, hata wa mwenyekiti. "Vihingo watafungwa au hawatafungwa," akasema. "Golikipa wao atateguka mguu au hatateguka. Yote sawa."

Golikipa akateguka mguu. Na golikipa huyo alikuwa mtoto wa Maalim Hemedi, mwalimu wa Kurani wa Vihingo, na Maalim Hemedi ndiye mjomba wa Sikudhani aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Wazaramo wa huko wanajua mjomba ni nani katika nyumba. Salamu zilizotoka Vihingo wiki ile zilikuwa fupi.

Zahoro hakubabaika. Aliona amefanikiwa na madogo, sasa apande kwa makubwa. Kwa hiyo asubuhi moja akakaa juu ya mkeka wake, akakohoa, akaanza.

"Leo Sikudhani ataugua. Sawa. Leo Sikudhani atakufa. Sawa."

Bi Kidawa, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama.

"Leo Sikudhani si mke wangu tena," Zahoro akamalizia. "Sawa."

Sikudhani akatoka nje, mikono ina unga. "Rudia."

Zahoro alifurahi kweli. Alidhani mkewe naye anataka kujifunza. Akarudia polepole, neno kwa neno, ashike vizuri.

"Umenitia ugonjwa, sawa," Sikudhani akasema. "Umeniua, sawa. Umeniacha, sawa. Mimi ni nini, Baba Mwanaamina, mfuko wa salfa?" Akamgeukia jirani. "Bi Kidawa, umesikia?"

"Wallahi nimesikia," Bi Kidawa akasema, na ndoo yote ikammwagikia.

Mambo ya talaka si mchezo. Mtu anaweza kucheza na maneno yote ya duniani, hayo hapana. Hata mtoto wa chuoni anajua kuwa talaka ya mzaha ni talaka. Sikudhani akafunga vitu vyake kwenye kanga, akaiweka kichwani, akashika njia ya Vihingo. Alipofika kwenye mkorosho wa mwisho akageuka nyuma. Nadhani alikuwa anampa mumewe nafasi.

Zahoro alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kumwita, lakini alikuwa mwanafunzi mzuri. "Kisichomo," akasema, "hakimo."

Mimi ningempiga na mwiko.

Siku zilizofuata alikiona cha moto. Alisonga ugali, ukawa na madonge juu, chini umeungua. Alikaa barazani akajaribu kutaja mabaya ya siku, hakuyaona. Yote aliyokuwa akiyajua yalishaelekea Vihingo na kanga kichwani. Alipakua sahani mbili, akakasirika na ile ya pili, kisha akaifunika isije ikaingia vumbi. Alimkosa mkewe, hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikosa hata kule kupuuzwa kwake, maana mtu hawezi kupuuzwa peke yake. Na kila alipoulizwa hali yake alisema ni sawa, kwa sauti ndogo ambayo Mzenga haikuwahi kuisikia, na watu wakaogopa zaidi.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa Maalim Hemedi. Zahoro aende Vihingo aseme mbele ya watu kama amemwacha mke au hakumwacha. Kama amemwacha, aseme, binti akae eda yake kwa heshima. Mleta ujumbe akaongeza kwa hiari yake kwamba kuna mchinja ng'ombe wa kule, amefiwa na mke, ambaye tangu Sikudhani arudi kwao amekuwa akipita pale mara kwa mara na maini.

Anselmi alipopata habari nzima alishika kichwa. "Lakini nilisema moyoni! Mzee Zahoro, si nilisema moyoni?"

"Ulisema," Zahoro akakiri. "Nikadhani ni namna ya kusema."

Anselmi akampakia kwenye baiskeli. Walipita kando ya reli mpya ya Wachina, Anselmi akikanyaga, Zahoro nyuma kwenye keria amekumbatia zawadi ya mkwe, kitenge alichokinunua Kisarawe. Kwenye mteremko baiskeli ikashika njia yake yenyewe, na wote wawili wakapiga kelele, mmoja kwa Mtume, mmoja kwa Bikira Maria, mpaka kichaka kikawapokea. Walipokuwa wanatoa miiba, Anselmi akasema neno ambalo ingefaa aliseme tangu mwanzo.

"Mzee, mimi nilikufundisha vibaya, au wewe ulisikia vibaya, haidhuru. Wale watu hawakusema mtu asiwe na moyo. Walisema mtu ashike kilicho chake. Mvua si yako, kifo si chako. Lakini ulimi ni wako. Umeyaachia yote kama nilivyokwambia, na ulimi nao ukauachia ukazurura."

Zahoro akachomoa mwiba shingoni. Alilifikiri neno hilo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilifikiri bila kutoa sauti. Anselmi akadhani ameumia.

"Na jambo moja zaidi," Anselmi akasema. "Ukifika kule, ukiulizwa chochote, usiseme sawa."

Walimkuta Maalim Hemedi barazani, juu ya mkeka, miwani puani, na uso wa mtu mwenye golikipa nyumbani anayechechemea. Nyuma ya mlango alikuwa Bi Mwamvita, mama yake Sikudhani. Mkwe hatazamwi, kwa hiyo Zahoro akaupigia mlango shikamoo, na mlango ukajibu marahaba kwa ukavu. Nyuma ya mama, ndani kabisa, alijua kuna mtu mwingine aliyekaa. Kitenge kikapokelewa na mkono, mlango ukarudi.

"Mkwe," Maalim akasema, "ulisema Sikudhani si mke wako?"

"Nilisema."

"Kwa kinywa chako?"

"Ninacho kimoja tu, Maalim."

Maalim akavua miwani. "Sikiliza. Hilo ulilosema ni neno la fumbo. Si lile neno lenyewe la kuacha. Neno la fumbo linasimama na nia. Nia ya mtu haijui jirani, haijui mke, aijuaye ni Mungu na mwenyewe. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Ulipolisema, nia yako ilikuwa nini?"

"Kuzoea," Zahoro akasema.

"Kuzoea nini?"

"Kuzoea asipokuwepo."

Mlango ukaguna. "Hee!" akasema Bi Mwamvita. "Mtu anazoea jambo asilolitaka?"

Maalim akainua mkono kuunyamazisha mlango. "Na umezoea?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akisema amezoea, mke hana. Akisema hajazoea, basi elimu yake yote ya stoo, iliyomfanya aheshimiwe kutoka kisimani mpaka kwa mwenyekiti, ni bure. Zahoro alikuwa na kiburi, tusidanganyane, na kiburi cha mtu mpole ni kizito kuliko cha mtu mkali. Midomo yake ikajikusanya kutamka herufi ya S. Anselmi akakohoa kwa nguvu mpaka kuku wakaruka.

Kisha sauti ya Sikudhani ikatoka ndani. "Mjomba, mwambie aseme kama anavyosema kila siku asubuhi. Aseme hapahapa, nimsikie. Aseme nimekufa, halafu amalizie na lile neno lake."

Maalim akamtazama Zahoro. "Umesikia."

Zahoro akaweka mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa barazani kwake. Akakohoa. "Leo Sikudhani," akaanza. Akasita. Akafuta uso. "Leo Sikudhani ata..."

Neno halikutoka. Kilichotoka ni kilio, kwa sauti ile yake ya zamani, ya milango na majogoo. Anselmi anasema miwani ya Maalim ilitetemeka.

"Sijazoea!" Zahoro alilia. "Wallahi sijazoea hata siku moja! Nilikuwa naogopa! Nilisema nikimtaja kila siku, kifo kitachoka kusikia jina lake, kitakwenda kwa mwingine! Na kila nikisema sawa nilikuwa nageuza shingo jikoni kuangalia kama bado yupo! Sikudhani wangu mie! Sikudhani!"

Maalim Hemedi akavaa miwani yake, na ilimbidi aifute kwanza. "Hapana nia," akasema. "Ndoa ipo."

Lakini hakuna aliyemsikia, maana Vihingo nzima ilikuwa imeshamsikia Zahoro. Mtu mzima akilia hivyo katika nyumba ya watu, akitaja jina la mtu, huo ni msiba. Wanaume waliokuwa shambani wakageuza majembe begani, wakaja moja kwa moja tayari kwa kuchimba kaburi. Wanawake wakaja wamejifunga kanga kiunoni, wakianza kulia tangu njiani, wengine wakiulizana katikati ya kilio ni nani amefariki. Golikipa akaja anachechemea. Mchinja ng'ombe akaja mbio, maini mkononi, akaanguka kwenye mkeka akalia kuliko wote.

"Hajafa!" Maalim alipiga kelele. "Jamani, hajafa mtu!"

"Ndiyo, Maalim, wema hawafi," akajibiwa na mzee mmoja, huku akimpigapiga begani kumliwaza.

Msiba ukishaanza hauzuiliki. Mwanamke mmoja akaanza kumsifia marehemu, wengine wakampokea. Alikuwa mkarimu. Alikuwa hana makuu. Alivumilia mume mwenye kelele, kisha akavumilia mume asiye na kelele, na hilo la pili ndilo lililomuua. Zahoro aliposikia hayo akalia zaidi, na watu walipomwona analia hivyo wakaamini zaidi. Anselmi, ambaye alikuwa mtu pekee pale mwenye akili zake, akajikuta naye anafuta machozi.

Nyuma ya mlango Bi Mwamvita alikuwa anamvuta bintiye mkono. "Toka uwaambie, mwanangu, watachimba kweli!"

"Subiri kidogo, mama," Sikudhani akanong'ona, sikio kwenye mbao. "Wamefika kwenye pilau yangu."

Wakaimaliza pilau. Wakasifia na mikono iliyoipika. Halafu sauti moja nzito ikazifunika zote, ya mtu asiyejali tena nani anamsikia na nani anamcheka, akisema wamrudishie mkewe tu, hata asimpikie, hata asimsikilize, akae tu jikoni ajue yupo. Sikudhani aliacha kutabasamu. Miaka yote aliyokaa na mtu huyu alisifiwa mbele za watu mpaka ikawa mazoea, lakini hakuwahi kuombwa. Akajifunga kanga vizuri, akafungua mlango, akatoka.

Waliokuwa karibu walikimbia. Mmoja aliangusha jembe lake, mwingine akapanda mpapai, nao ukampeleka chini alikotoka. Mchinja ng'ombe alikimbia na maini yake na hakupita tena njia ile. Zahoro peke yake hakukimbia. Alibaki amekaa pale kwenye mkeka, ndevu zimelowa, anamtazama kama mtu anayeogopa kupepesa macho.

Sikudhani akainama, akamfuta uso kwa pembe ya kanga yake, mbele ya mjomba, mbele ya mama, mbele ya Vihingo nzima iliyokuwa inachungulia kutoka migombani.

"Inuka, mume wangu," akamwambia. "Marehemu amesema twende nyumbani."